Sikiliza Kinu Kabla Hakijasimama: Mbinu kwa Wenye Mashine wa Owino na Kisenyi

Soko la Owino, ambalo kwa jina rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, linajulikana Kampala nzima kwa nguo za mitumba. Tembea hatua chache tu kuelekea Kisenyi, unakutana na biashara nyingine: mashine za kukoboa mahindi, vinu vya kusaga unga wa posho, mashine za karanga na za mpunga, zimebanana ukuta kwa ukuta. Makala haya ni ya mwenye mashine hizo na fundi wake. Hasa ni ya kinu cha nyundo kinachoendeshwa na mota ya umeme kwa mkanda, maana hicho ndicho kinachokula beringi kuliko vyote na ndicho kinachouma kikisimama.

Kinauma kwa sababu Kisenyi mteja hangoji. Lori la mahindi limefika, wapakuzi wamelipwa, kinu kinatoa mlio mbaya na kusimama. Mwenye mahindi anahamia kwa jirani, mlango wa tatu. Beringi yenyewe si ghali. Ghali ni siku mbili za kutafuta spea sahihi, shafti iliyoliwa na beringi iliyokwama, mota iliyoungua kwa kulazimishwa, na mteja ambaye hatarudi. Hasara hizi nyingi zinaepukika, kwa kuwa beringi haifi ghafla. Hutoa habari wiki kadhaa kabla, na habari hiyo inapimika.

Wenye mashine wengi hufuata mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza husubiri ivunjike. Wa pili hubadilisha beringi kila baada ya miezi kadhaa, iwe mbovu iwe nzima. Njia ya pili inaonekana ya busara, lakini kila ukifungua mashine unaingiza vumbi, unapiga beringi mpya kwa nyundo na unaharibu mpangilio uliokuwa umekaa vizuri. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani walitoa ripoti kuhusu matengenezo ya ndege. Waligundua kwamba asilimia 89 ya vipuri walivyochunguza havikuwa na umri ambao kuvibadilisha ukifika kungeleta faida. Ikiwa ndege hazitunzwi kwa kalenda peke yake, kinu cha Kisenyi hakina sababu ya kutunzwa hivyo. Fungua mashine pale yenyewe inapokuambia.

Anza na daftari na rangi. Chukua rangi ya kucha au ya mafuta, weka nukta kwenye sehemu nne: nyumba ya beringi ya mota upande wa puli, nyumba ya beringi ya mota upande wa feni, na nyumba za beringi mbili za kinu. Hapo ndipo utakapopima mtetemo daima. Ukipima leo juu ya beringi na kesho juu ya bati la kifuniko, umepima vitu viwili tofauti. Kila nukta ipime kwa njia tatu: kwa kulala, kwa kusimama, na kwa kufuata urefu wa shafti. Pima mara moja kwa wiki, kinu kikiwa tupu, kisha kikiwa na mahindi. Usichanganye namba za tupu na za mzigo. Andika tarehe, joto la kila beringi, mkondo wa umeme wa kila fezi ukiwa na kipimo cha kubana waya, na neno moja juu ya sauti. Wiki nne za kwanza usitafute ugonjwa. Unajifunza hali ya kawaida ya mashine yako.

Swali linalofuata huwa ni hili: mtetemo wa kiasi gani ni mbaya? Mwaka 1939 mhandisi T. C. Rathbone wa Marekani, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima, alichapisha chati iliyotenganisha mashine laini na mashine ya hatari. Viwango vya leo ni watoto wa chati ile. Kiwango cha ISO 10816 cha mwaka 1995 kiliweka mota za kilowati 15 hadi 75 katika kundi ambalo mtetemo chini ya milimita 1.12 kwa sekunde ni mzuri sana, hadi 2.8 unakubalika, kati ya 2.8 na 7.1 mashine haifai kuachwa ifanye kazi muda mrefu, na juu ya 7.1 inajiharibu. Kwa mashine zisizofikia kilowati 15 mipaka ilikuwa 0.71, 1.8 na 4.5. Zijue namba hizi, lakini zisikufunge. Kinu cha nyundo kilichochomelewa kwa vyuma vya pembe na kufungwa juu ya sakafu nyembamba kinaweza kutoa 6 kila siku na kuishi miaka. Cha kukutisha ni badiliko. Kinu kilichokuwa 3 na sasa ni 6 kina habari mbaya kuliko kinu ambacho siku zote ni 6. Sheria yangu ni rahisi: namba ikipanda mara mbili ya kawaida yake, tafuta sababu wiki hiyohiyo, ikipanda mara tatu, zima.

Kalamu ya kupimia mtetemo ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua ukiwa na mashine zaidi ya mbili au tatu, na wenye mashine majirani wanaweza kuchangia moja. Kabla ya hapo simu inasaidia. Programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, hutumia kihisi kilichomo ndani ya simu na kuchora mtetemo uliogawanywa kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Ifunge simu kwa nguvu kwenye nukta yako, isichezecheze, na iwe mbali na mkanda. Kisha jua mpaka wake. Simu nyingi hupima kati ya mara 100 na 500 kwa sekunde, na simu huona mitetemo ya nusu ya idadi hiyo tu. Inayopima mara 100 haioni chochote kinachopita mitikisiko 50 kwa sekunde. Mbaya zaidi, itakuonyesha kitu cha kasi kama kwamba ni cha polepole. Programu yenyewe inakuambia kasi ya kupima ya simu yako. Tafuta simu inayopima mara 200 au zaidi.

Simu hutoa kipimo cha mchapuko, yaani mita kwa sekunde kwa sekunde, huku viwango vikiwa vya milimita kwa sekunde. Kugeuza ni hesabu ya mstari mmoja: gawanya mchapuko kwa 6.28, kisha kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde, halafu zidisha kwa 1,000. Mchapuko wa 2 kwenye mitikisiko 58 kwa sekunde ni sawa na milimita 5.5 kwa sekunde.

Namba hiyo 58 nimeitoa wapi? Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Mota ya kawaida ya nguzo nne kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Soma kibao chake. Gawanya kwa 60, unapata mizunguko 24 kwa sekunde. Puli ya mota ikiwa ya inchi 12 na ya kinu inchi 5, kinu huzunguka mara 3,480 kwa dakika, yaani 58 kwa sekunde. Mkanda wenye urefu wa mita 3 juu ya puli hizo hupita mahali pamoja kama mara 7.7 kwa sekunde. Andika namba hizi tatu ukutani karibu na swichi: 8 ya mkanda, 24 ya mota, 58 ya kinu. Hizo ni za mfano wangu. Pima puli zako upate za kwako. Kuanzia hapo kila mtetemo unakuja na anwani yake. Fundi hana haja tena ya kubahatisha.

Mtetemo mkubwa ukikaa kwenye 58, hasa kwa kulala na kwa kusimama, kinu kimekosa balansi. Sababu ya kwanza ni nyundo. Watu hubadilisha nyundo moja iliyovunjika wakaacha zilizolika. Mpya ina uzito zaidi kuliko mwenzake aliye ng'ambo. Tuseme tofauti ni gramu 20 tu, na uzito huo umekaa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti. Kwa mizunguko 58 kwa sekunde, gramu hizo 20 zinavuta shafti kwa nguvu ya kilo 54, zikibadilisha upande kila mzunguko, siku nzima. Beringi ya gololi ikibebeshwa mzigo mara mbili, umri wake haupungui nusu. Unabaki sehemu moja ya nane.

Kwa hiyo nunua mizani ndogo ya dijitali, ile ya gramu. Pima kila nyundo, andika uzito wake kwa kalamu ya wino mzito, kisha panga seti ili pini zinazotazamana zilingane ndani ya gramu moja au mbili. Nyundo ikivunjika, badilisha pamoja na ile ya ng'ambo. Zikilika upande mmoja, zigeuze zote siku moja. Kazi hii inachukua asubuhi moja na hakuna kingine katika makala haya kinacholipa haraka hivyo. Lakini kabla ya kulaumu nyundo, safisha ndani. Unga uliolowa ukaganda upande mmoja wa rota hutoa dalili ileile, na msimu wa mvua hili ni la kawaida.

Mtetemo ukiwa mkubwa kwa kufuata urefu wa shafti, angalia puli. Weka uzi uliovutwa kwenye uso wa puli zote mbili. Uguse sehemu nne kwa pamoja. Usipogusa, puli hazijanyooka, mikanda italika ubavu na beringi zitasukumwa kando. Mikanda ibadilishwe yote pamoja, kwa kuwa mpya na mkuukuu haivuti sawa. Mtetemo wa 8 na mara mbili yake, 15 au 16, ni wa mkanda wenyewe: umevimba, umekatika nyuzi, au umekaa ukikunjwa stoo.

Ukiona mistari mingi kwenye mchoro, 58, 116 na kuendelea, au nusu zake, kuna kitu kimelegea. Simu nyingi hazitafika huko juu, ila kidole kinafika. Weka ncha ya kidole katikati ya mguu wa mashine na chuma cha kukalia, mbali na puli. Vikitikisika tofauti utasikia. Au dondosha mafuta kidogo kwenye ungio: yakipumua na kutoa vipovu, bolti haibani. Kabla ya kukaza, legeza bolti moja moja uone kama mguu unanyanyuka. Mguu usiokaa vizuri ukikazwa kwa nguvu hupinda fremu ya mota, nayo ikipinda beringi haziko tena kwenye mstari mmoja. Tia bati jembamba chini yake, ndipo ukaze.

Jambo la ardhi lisipuuzwe. Bonde la Nakivubo, tulimo, ni la chini, mvua kubwa hulijaza maji, na sakafu ya mashine inaweza kushuka upande mmoja polepole bila mtu kuona. Beringi inayojilinganisha yenyewe ilizaliwa kwenye tatizo kama hilo. Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo cha Gamlestaden mjini Gothenburg, Uswidi, alichoshwa na shafti zilizopinda mstari kwa sababu kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukizama. Mwaka 1907 akatoa beringi yenye safu mbili za gololi inayokubali shafti kuinama kidogo, na kampuni ya SKF ikaanzishwa mwaka huohuo. Weka pimamaji juu ya fremu ya kinu baada ya kila msimu wa mvua, na andika ilivyosoma.

Kuna mtetemo mmoja usiotoka kwenye chuma. Ni wa 100 kwa sekunde, mara mbili ya umeme. Jaribio lake ni zuri kwa urahisi wake: mashine ikizunguka bila mahindi, mwenzako akate umeme huku wewe umeshika kalamu ya mtetemo kwenye mota. Mtetemo ukitoweka palepale, shafti ikiwa bado mbioni, ugonjwa ni wa umeme. Ukishuka taratibu pamoja na kasi, ni wa chuma. Ukiwa wa umeme, rudi kwenye kipimo cha kubana waya na ulinganishe fezi tatu. Tofauti ya asilimia 1 ya volti kati ya fezi inaweza kuzaa tofauti ya mkondo mara 6 hadi 10 ya hiyo, na mota inapata moto kwenye fezi moja. Kagua kwanza swichi yako na ncha za waya. Ukikuta volti zenyewe zinaingia zikitofautiana, peleka namba zilizoandikwa kwa UEDCL, iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme mwezi Aprili 2025. Na funga kifaa cha kukata umeme fezi moja ikipotea. Kusuka mota moja kunazidi bei ya kifaa hicho.

Sasa beringi yenyewe. Gololi zinapoanza kuumiza njia yake, kila pigo linatokea kwa hesabu inayojulikana. Zidisha idadi ya gololi kwa mizunguko kwa sekunde, kisha kwa 0.4 kama kovu liko kwenye pete ya nje, au 0.6 kama liko kwenye pete ya ndani. Beringi ya gololi 9 kwenye shafti ya 58 itapiga karibu mara 209 au 313 kwa sekunde. Simu ya kawaida haifiki huko, kwa hiyo hapa tumia sikio. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nukta yako ya rangi, mpini kwenye mfupa mbele ya sikio, mbali na mkanda. Beringi nzima hutoa mvumo laini, sawasawa. Iliyokauka hutoa mluzi mwembamba. Iliyoanza kuchubuka hutoa mkwaruzo wenye mapigo. Linganisha beringi mbili za kinu kila mara, kwa kuwa moja ndiyo shahidi wa mwenzake.

Joto huja mwisho. Kwanza ni sauti ya juu isiyosikika kwa sikio, kisha mtetemo unaopimika, kisha sauti ya kusikika, ndipo joto. Anayegusa beringi kwa mkono na kusema "bado ni baridi" anasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu. Hata hivyo pima joto kwa kile kipimajoto cha kuelekeza; likipanda digrii 15 au 20 juu ya kawaida kwa mzigo uleule, usianze kundi jipya la magunia. Unga unaopeperuka unashika moto, na soko hili linajua moto: mwaka 2009 sehemu kubwa ya Owino iliteketea.

Mluzi wa beringi kavu hauponywi kwa kushindilia grisi. Grisi nyingi huchemka, hupasua sili, na mlango wa vumbi la unga unafunguka. Kiasi cha kuongeza kina hesabu: kipenyo cha nje kwa milimita, zidisha kwa upana kwa milimita, zidisha kwa 0.005. Beringi ya 6208, yenye 80 kwa 18, inataka gramu 7. Piga bomba lako la grisi mara kumi juu ya mizani, ugawanye, ujue pigo moja ni gramu ngapi. Futa chuchu kabla ya kuingiza. Usichanganye aina mbili za grisi kwa sababu tu rangi zinafanana. Nyingine zikikutana huyeyuka na kumwagika.

Namba na sikio vikikubaliana kwamba beringi inakwenda, una muda wa kupanga, na hapo ndipo faida yote ya daftari inapokusanywa. Nunua beringi bila haraka, maana mwenye haraka huuziwa feki. Maboksi ya kuiga yanafanana sana na ya kweli. SKF ina programu ya simu, SKF Authenticate, ya kutumia picha za beringi kuuliza kama ni yao. Chagua siku ya kufungua kabla ya mavuno, maana mahindi ya msimu wa kwanza huanza kumiminika kuanzia Juni na ya pili kuanzia Novemba. Siku hiyo ng'oa fyuzi na uziweke mfukoni mwako, siyo juu ya swichi. Beringi mpya ipashwe moto hadi digrii 110 iteleze kwenye shafti. Ukilazimika kuigonga, gonga kupitia bomba linalogusa pete ya ndani peke yake. Baada ya kufunga pima nukta zote upya, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ya kawaida mpya.

Beringi ya zamani usiitupe kwa wanunuzi wa skrapu. Ikate kwa grainda, huku umevaa miwani, ufute grisi na utazame njia za gololi. Kuchubuka sehemu moja tu ya pete ya nje, upande mkanda unakovuta, kunasema mkanda ulikazwa mno. Kuchubuka upande mmoja wa njia kuzunguka pete nzima kunasema puli hazikunyooka. Vidonda vilivyopangika kwa umbali sawa na gololi vinasema ilipigwa nyundo wakati wa kufungwa. Mashimo madogo ya rangi ya kijivu au mistari kama ya ubao wa kufulia ni alama ya umeme kupita ndani yake: mtu alichomelea fremu na kubana waya wa ardhi mbali, mkondo ukapitia beringi. Ukileta fundi wa kuchomelea kutoka Katwe, mwombe abane ardhi kwenye chuma kilekile anachochoma. Kisha piga picha vipande, uibandike kwenye ukurasa wa beringi ile katika daftari, karibu na namba zake za wiki sita za mwisho.